Inchi Tisa za Ngazi

Orodha ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa lango la zimamoto, na Ngazi aliisoma mara tatu kabla ya kuyaamini macho yake. Namba 214. Kimo: sentimita 155. Uamuzi: HATOSHI.

"Hatoshi nani?" akasema kwa sauti.

Watu waliokuwa wakisukumana mbele ya ubao wakageuka. Wakamtazama kuanzia viatuni, wakapanda na macho, wakazidi kupanda, hata walipofika usoni kijana mmoja akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. "Dada, kama wewe ni mfupi, sisi wengine si tutaambiwa hatujazaliwa?"

Na tuambiane ukweli hapa, maana kisa hiki hakina raha bila ukweli. Binti huyu alikuwa mrefu. Si ule urefu wa kusifiwasifiwa. Ni urefu wa kugonga vizingiti vya milango ya watu. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba, na mafundi wenzake ndio waliompa jina la Ngazi, kwa kuwa pale walipohitaji ngazi wao, yeye alinyoosha mkono tu akapaka. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa akimshushia mapindo ya magauni tangu yuko darasa la nne, na kila mara aliguna: "Mwanangu, huko juu unamfuata nani?"

Sharti la kikosi lilikuwa sentimita 160, yaani futi tano na inchi tatu. Ngazi alikuwa futi tano na inchi kumi. Mtu anayepima kuta na milango kila siku ya Mungu hawezi kutojua kimo chake mwenyewe. Sharti la pili lilikuwa umri, mwisho miaka ishirini na mitano, na yeye alibakiza miezi minne kutimiza ishirini na sita. Kikosi kiliajiri mara moja kila baada ya miaka miwili. Ilikuwa ni safari hii au basi tena.

Na aliitaka kazi hiyo, tusifiche. Aliitaka tangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu, siku duka la mtaa wao liliposhika moto, akamwona mwanamke akishuka kutoka kwenye gari jekundu na mpira wa maji begani, mrefu kupita wanaume wote waliokuwa pale, na mtaa mzima ukampisha njia. Hakuna aliyemcheka. Kabla ya siku hiyo Ngazi hakuwahi kuona mwanamke mrefu asiyechekwa.

Mama yake alimsikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Haya, pole," akasema mwisho. "Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Mimi sijashindana bado, mama. Nimetolewa kabla ya filimbi kulia."

"Serikali ikishaandika, imeandika."

"Basi itafuta."

Mama akakata uzi kwa meno. Alimjua mtoto wake, akaona hakuna haja ya kupoteza pumzi.

Jumanne saa mbili kamili Ngazi alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi ya zimamoto, na ovaroli yake yenye madoa meupe, magoti yamemfika karibu na kidevu kwa ufupi wa benchi lile. Nyuma ya meza alikaa karani wa kikosi, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Watu wa pale walimwita Fomula. Makao makuu yalipotaka vimo vyote viandikwe kwa sentimita, yeye ndiye aliyetengeneza jedwali kwenye kompyuta, likawa linabadilisha futi kuwa sentimita lenyewe, kufumba na kufumbua. Tangu siku hiyo kofia ilikuwa haimtoshi kichwani.

"Dada, nimeshakwambia, kompyuta haikosei."

"Kompyuta yako haijawahi kuniona. Nionyeshe mstari wangu."

"Si utaratibu."

"Basi nitakaa hapa. Chakula nimebeba."

Fomula alimtazama, akatazama mfuko aliopakata, akaona huyu hatanii. Akageuza kioo cha kompyuta. Mstari wa 214 ulikuwa na visanduku vitatu: 5.1, kisha 155, kisha lile neno HATOSHI, jekundu.

"Hii tano nukta moja ni nini?"

"Ni futi zako, nimezitoa kwenye daftari la Sajenti. Futi moja ni sentimita thelathini nukta nne nane. Kompyuta inazidisha, basi. Hesabu ya darasani hiyo."

"Sajenti yuko wapi?"

Sajenti alikuwa pale pale pembeni, mzee aliyepima vijana wa kikosi hicho kwa miaka thelathini, anakunywa chai yake kwenye kikombe cha bati. Alikuwa na namna yake ya kuandika, nayo ni ile ile ya mafundi wengi: futi, nukta, inchi. Futi tano na inchi nne aliandika 5.4. Hakuna aliyewahi kumwuliza, kwa sababu aliyeandika ndiye aliyekuwa akisoma. Akafungua daftari, akateremsha kidole hadi 214. Paliandikwa 5.10.

"Nisomee, baba yangu."

"Futi tano, inchi kumi," akasoma mzee bila kusita. "Nakukumbuka. Nilipanda kiti kukupima."

Ngazi akamgeukia karani. "Na wewe uliingiza nini?"

"Hivyo hivyo! Tano nukta moja sifuri. Kompyuta yenyewe ikaondoa sifuri. Sifuri ya mwisho baada ya nukta haina kazi, dada, hata mtoto wa shule anajua."

Hapo ndipo mori ulipompanda. Alisimama, na akisimama Ngazi, chumba kinapungua.

"Haina kazi? Sifuri hiyo ni inchi zangu tisa! Umenikata inchi tisa kwa kidole kimoja halafu unaniambia haina kazi? Hebu niambie, futi ina inchi ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na nukta yako inaigawa futi mara ngapi?"

Fomula akakitazama kioo. "Kumi," akasema polepole.

"Aa! Kumbe unajua."

Wakainama wote watatu kwenye jedwali, na kadiri walivyoteremka ndivyo mambo yalivyochafuka. Watu wa futi tano na inchi tisa walikuwa wamepita vizuri, tena kompyuta ilikuwa imewaongezea kimo cha bure. Wa futi sita walikuwa salama. Lakini waliokuwa na inchi kumi wote walikuwa 5.1, sentimita 155, na wenye inchi kumi na moja walikuwa 5.11, sentimita 156. Walikuwa kumi na wawili. Vyeti vyao safi, afya zao safi, wametupwa nje kwa ufupi. Kikosi kilikuwa kimekagua watu mia tatu na kitu, kikawachuja kwa makini sana warefu wake wote waliokosa inchi moja au mbili kufika futi sita.

Sajenti akaweka kikombe chini. "Yarabi," akasema. "Miaka thelathini."

Fomula akaenda kumwita Mkuu wa kikosi. Huyu alikuwa mtu mzima, mrefu, sare imenyooka kama imemwagiwa saruji, na alisikiliza kisa chote bila kukatiza. Kisha akamwita Ngazi ofisini kwake, akafunga mlango.

"Umesema kweli," akaanza. "Nakupa pole. Sasa nisikilize, binti. Tulitakiwa kuchukua watu arobaini. Waliopita ni thelathini na tisa, barua zao zimeshatiwa sahihi, na jedwali limeshapelekwa makao makuu. Imebaki nafasi moja. Ni yako. Jumatatu ijayo uripoti mafunzoni."

"Na wale kumi na mmoja, afande?"

"Wao hawajalalamika."

"Hawajui!"

"Ndiyo. Na wewe hutawaambia." Mkuu akainamia meza. "Nikitoa orodha mpya, makao makuu wataniuliza hilo jedwali nililipitiaje. Chukua nafasi yako, ufunge mdomo. Umri wako nimeuona kwenye fomu. Hutapata nyingine."

Ngazi aliitaka. Mungu ndiye shahidi. Alikuwa ameshaiona sare mwilini mwake. Lakini akamkumbuka msichana mmoja aliyesimama mbele yake kwenye foleni ya kupimwa, mpiga pasi wa duka la dobi la mtaa wa pili, aliyekuwa mrefu kumpita hata yeye. Walikuwa wamecheka pamoja, kwa sababu kabla ya hapo wote wawili hawakuwahi kuzungumza na mwanamke bila kuinamisha shingo. Huyo naye alikuwa mmoja wa kumi na wawili.

"Siwezi, afande."

"Huwezi nini?"

"Kuingia kwa mlango wa nyuma huku nimewafungia wenzangu nje. Tupimwe wote, au mimi niacheni."

"Basi huna nafasi," akasema Mkuu, akafungua mlango. "Kwa heri."

Huko nyumbani nusura apigwe kwa kandambili. "Umerudisha kazi?" mama akapiga kelele. "Kazi ya serikali? Umeirudisha kwa mikono yako hii miwili? Wewe nilikuzaa au nilikuokota?" Alizunguka chumba, akaketi, akainuka tena. Kisha akataka aelezwe upya ile habari ya nukta, na alipoelezwa, hasira ikahama.

"Kwani huyo karani hajawahi kushonewa suruali? Mimi naandika na nukta miaka ishirini! Kiuno, nukta, mguu, nukta! Mtoto wa watu aliyetaka suruali hajawahi kutoka na kaptura!" Akavua tepu ya kupimia shingoni, akamtupia. "Nenda. Usirudi hapa kabla hujalimaliza jambo hili."

Jioni hiyo Ngazi alimfuata mpiga pasi kazini kwake. Alimkuta amezama katika mvuke, na kwanza yule msichana hakutaka hata kusikia. "Kompyuta imesema, dada yangu. Mimi ni nani?"

"Wewe ni futi tano na inchi kumi na moja," Ngazi akamjibu. "Zima pasi, nikueleze."

Sasa, mkabala na lango la zimamoto, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na karakana ya fundi magari, na ukuta wake wa mbele ndiyo kazi aliyokuwa nayo Ngazi wiki hiyo. Alishaupaka mweupe pe. Jumatano alfajiri alimweleza fundi magari alilotaka kufanya, na yule bwana, ambaye alishawahi kutozwa faini na zimamoto kwa sababu ya mapipa yake ya oili, alicheka mpaka akashika kiuno. "Ukuta wangu, rangi yangu, ruhusa yangu. Piga kazi."

Ngazi akapiga kazi. Akachora mstari wima kutoka chini mpaka futi saba. Upande wa kushoto akaweka futi na inchi, kumi na mbili kumi na mbili, kwa rangi nyeusi. Upande wa kulia akaweka sentimita, kwa rangi nyekundu. Akapima na tepu ya mama yake mara mbili kila alama, maana alijua watatafuta kosa. Juu akaandika PIMA MWENYEWE. Chini yake: "Namba 214. Futi 5 inchi 10. Ukuta unasema sentimita 178. Zimamoto wanasema 155. Muongo nani?"

Kufika saa nne barabara ilikuwa haipitiki. Wauguzi walisimama ukutani, wanafunzi wakasimama, muuza magazeti akasimama akagundua ameishi miaka yote akijidanganya inchi mbili. Mpiga pasi alikuja na wenzake wawili waliokuwa kwenye orodha. Habari ikapaa, na mmoja mmoja wale warefu walioambiwa wafupi wakajitokeza, wakisimama ukutani kwa zamu, na kila mmoja alipofikia inchi yake ya kumi au ya kumi na moja watu walipiga makofi. Kufikia adhuhuri walikuwa tisa.

Ndipo Mkuu wa kikosi alipovuka barabara. Nyuma yake walikuja Fomula na Sajenti.

"Futa hicho kitu."

"Ukuta ni wangu, mkuu," akasema fundi magari, akijifuta mikono kwa kitambaa. "Mapipa nilishahamisha. Leo umeniona na kosa gani lingine?"

Watu wakacheka. Mkuu akamkazia macho Ngazi, na Ngazi hakuinama.

"Afande, nakuomba jambo moja. Simama hapa upimwe. Ukisimama, kisha ukaniambia nifute, nafuta."

"Asimame!" umati ukaitikia. "Simama, afande!"

Alikuwa mtu anayejivunia kimo chake, na umati ulikuwa mkubwa. Kukataa kungekuwa aibu zaidi kuliko kukubali. Akavua kofia, akaegemea ukuta, akanyoosha mgongo. Sajenti akapanda debe, akaweka rula juu ya kichwa cha bosi wake, akasoma kwa ile sauti yake ya miaka thelathini: "Futi tano! Inchi kumi na moja!"

"Fomula," Ngazi akasema, "mwingize Mkuu kama ulivyotuingiza sisi. Kwa simu yako inatosha. Tano nukta kumi na moja, zidisha."

Fomula akamtazama Mkuu. Kisha akabonyeza.

"Soma kwa sauti, mwanangu," akasema Sajenti.

"Mia moja hamsini na tano nukta saba tano."

Kutoka nyuma mtu akapaza sauti: "Hatoshi!" Na barabara nzima ikalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Muuza magazeti alikaa chini.

Mkuu alibaki ameegemea ukuta, kofia mkononi, akasubiri vicheko viishe. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga. Akageuka, akaitazama ile alama ya inchi kumi na moja iliyokuwa sawa na utosi wake, kisha namba nyekundu upande wa pili: 180.

"Hilo jedwali litengenezwe vipi?" akauliza, bila kumwangalia mtu.

"Futi ziwe na safu yake, inchi ziwe na safu yake," akajibu Ngazi. "Zidisha futi kwa kumi na mbili, jumlisha inchi, ndipo uzidishe kwa mbili nukta tano nne. Nukta isikae tena katikati ya futi na inchi."

"Umesikia?" Mkuu akamwambia Fomula. Kisha akawageukia wale tisa. "Kesho saa moja asubuhi, wote kumi na wawili, uwanjani. Makao makuu nitawaandikia mwenyewe. Lakini nafasi ni moja tu, na siwezi kuizaa ya pili. Mtakimbia."

Alhamisi walifika wote kumi na wawili. Sajenti alipima, Fomula aliingiza futi kwenye kisanduku chake na inchi kwenye kisanduku chake, na ANATOSHA ilitokea mara kumi na mbili, kijani. Kisha wakapewa kila mmoja mpira wa maji uliokunjwa, wakautia begani, wakapangwa kwenye mstari. Mizunguko mitano ya uwanja. Wa kwanza ndiye.

Ngazi aliongoza mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Aliongoza kwa hasira, na hasira ni kuni nzuri lakini huisha upesi. Katika mzunguko wa mwisho alisikia hatua nyuma yake, ndefu, zisizo na haraka. Mpiga pasi akaja ubavuni, akawa sawa naye, akapita. Ngazi alijitupa mbele kwa kila alichobakiza. Walivuka mstari wakipishana hatua mbili.

Alipiga magoti, akautua mpira, akalia. Alilia waziwazi, kwa sauti, bila kujifunika uso. Mpiga pasi alikuja kumkumbatia naye akilia, wakabaki hivyo mpaka Mkuu alipowafikia.

"Jumanne nilikuwa nakupa nafasi hii mkononi," akamwambia Ngazi.

"Najua, afande."

"Unajuta?"

Ngazi akajifuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Ninajuta, ndiyo. Kifua kinaniuma kama nimekanyagwa. Lakini uniulize tena leo, jibu ni lile lile."

Mkuu akampigia saluti, saluti kamili, mbele ya kikosi, akaondoka.

Nyumbani cherehani ilinyamaza mara tu alipoingia. Mama yake alimtazama usoni, akaelewa nusu, akauliza nusu nyingine.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Nafasi zilikuwa ngapi?"

"Moja."

Mama akapumua kwa nguvu. Alitaka kusema jambo kuhusu Jumanne, akaling'ata. Badala yake akavuta kiti kingine karibu na cherehani. "Kaa, mwanangu. Imeisha sasa?"

Ngazi akaketi, akanyoosha miguu yake mirefu mpaka ikafika ukutani, akaitundika ile tepu kwenye shingo ya mama yake.

"Imeisha," akasema. "Lakini nimeshindwa na miguu ya mtu, mama. Sikushindwa na nukta."